Eksteno Zimejaa: Kabla Hujanunua Kasha la Diski

Ingia studio yoyote ya video pale Mwanga, Kigoma mjini, uulize kazi za mwaka juzi zimehifadhiwa wapi. Aghalabu utafunguliwa droo. Humo zimo eksteno (diski za nje) sita au saba za rangi tofauti, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu: "Harusi Juni-Agosti", "Semina Kasulu", "MCHANGANYIKO USIFUTE". Hiyo ya mchanganyiko hakuna anayejua kwa hakika ina nini, ndiyo maana hakuna anayethubutu kuifuta.

Mwenye droo kama hiyo akisikia kuna kasha moja linalobeba diski nne, linachomekwa kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB na kumpa terabaiti 16, anaona shida zake zimekwisha. Hajakosea sana. Kasha ni kifaa kizuri. Tatizo ni kwamba wengi hulinunua wakiamini linaleta nafasi na usalama kwa pamoja, kumbe kazi yake hasa ni nafasi. Usalama una mipango yake mingine, na baadhi ya mipango hiyo haihitaji kasha kabisa.

Tuanze na hesabu, maana wengi huanzia dukani. Kamera inayorekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inazalisha gigabaiti 45 kwa saa (biti 8 ni baiti 1). Harusi yenye kamera mbili zinazofanya kazi saa sita, kuanzia ibada hadi ukumbini, inaleta gigabaiti 540. Kwa hiyo eksteno ya terabaiti 1 haitoshi harusi mbili. Na usishangae ukiichomeka kwenye Windows ukaona imeandikwa gigabaiti 931: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Muuzaji hajakuibia, angalau si hapo.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili. Filamu iliyokamilika ya saa mbili, ikitolewa kwa megabiti 20 kwa sekunde, ina gigabaiti 18 tu. Yaani picha ghafi ni gigabaiti 540, kazi aliyokabidhiwa mteja ni 18. Studio ikiamua kufuta picha ghafi miezi mitatu baada ya mteja kupokea kazi, na kubaki na filamu iliyokamilika, terabaiti 1 ileile inabeba harusi zaidi ya 50. Hakuna kasha linaloongeza nafasi kwa bei hiyo.

Lakini uamuzi huo lazima uandikwe kwenye risiti au mkataba, kwa sababu siku itafika ambapo mama mmoja atashuka kwenye bajaji kutoka Ujiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile video ya harusi ya dada yako, ile fleshi watoto wameipoteza. Nitolee nyingine."

Harusi yenyewe ni ya miaka mitatu iliyopita. Kama filamu ipo, umepata hela ya fleshi na mteja wa maisha. Kama haipo na hukuwahi kumwambia kuwa unatunza kwa muda gani, maelezo yako hayatamwingia, na mtaa mzima utapata habari.

Kuna pia biashara ambazo hazihitaji kasha hata kidogo. Duka la dawa linaloweka mauzo kwenye programu ya kawaida, au wakala wa forodha bandarini mwenye nyaraka zilizoskaniwa za mizigo ya Burundi na Kongo, anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujaza hata nusu ya diski ya kompyuta yake. Huyo anahitaji eksteno mbili ndogo na nidhamu ya kukopi kila siku. Akiuziwa kasha la diski nne, ameuziwa mzigo wa vumbi.

Waliobaki, yaani watu wa video, redio, picha za mionzi, ramani na picha za droni, tuingie ndani ya kasha.

Ukilifungua kasha la diski moja utakuta vitu vichache mno: diski yenyewe, bodi ndogo inayoweza kutoshea kiganjani, tundu la USB, na pengine tundu la umeme. Juu ya bodi hiyo kuna chipu. Diski inazungumza lugha ya SATA, kompyuta inasikiliza USB, na chipu ndiyo mkalimani wao. Mkalimani akifa, diski inaweza kuwa nzima kabisa na kompyuta isione kitu. Taa inawaka, hakuna kinachotokea, na fundi mwenye haraka anakuambia diski imekufa. Kabla hujalia, toa diski hiyo, iweke kwenye kasha jingine au ichomeke moja kwa moja kwenye SATA ya kompyuta ya mezani. Mara nyingi mafaili yote yapo.

Nasema mara nyingi kwa sababu kuna aina ambazo hazikubali. Baadhi ya eksteno ndogo za kiwandani hazina SATA ndani; tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Nyingine zina chipu inayofumba data yote hata kama hukuweka nenosiri, hivyo diski ikitoka peke yake inasomeka kama takataka. Na kuna makasha yanayobadilisha ukubwa wa sekta, yaani vipande vidogo ambavyo diski huhifadhia data, kompyuta nyingine ikaiona diski kana kwamba haijawahi kuformatiwa. Mambo haya hayaandikwi kwenye boksi. Dawa yake ni kupima mwenyewe siku ya kwanza: andika faili, toa diski, isome kwenye mashine nyingine. Ikisomeka, una kasha linalokuruhusu kuondoka. Isiposomeka, fahamu kwamba uhai wa data yako umefungwa kwenye chipu ya bei ndogo.

Upande wa kasi, watu hulipia wasichokitumia. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 inatoa takriban megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. USB 3.0, ambayo ilitangazwa mwaka 2008, inapitisha gigabiti 5 kwa sekunde, ambazo kwa vitendo ni zaidi ya megabaiti 400. Diski moja haiwezi kuijaza njia hiyo. Matundu ya gigabiti 10 na ya Thunderbolt, ambayo ni ya kasi zaidi, yana maana pale kasha linapobeba SSD (diski ya chipu isiyozunguka) au diski kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Cha kuogopa ni kurudi USB 2.0 bila kujua: umechomeka kwenye tundu la zamani, au umetumia waya wa kuchajia simu ambao ndani hauna nyaya za USB 3. Hapo unapata megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Zile gigabaiti 540 za harusi, ambazo zingekopiwa kwa saa moja, zitachukua zaidi ya saa nne. Ukiona kopi inasuasua, kagua waya kwanza kabla hujalaumu diski.

Umeme unastahili aya yake, hasa huku kwetu, ambako mkoa umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kuanza kuufikia. Diski ya inchi 2.5 inatumia volti 5 na inakula umeme wa USB. Ya inchi 3.5 inahitaji pia volti 12, ndiyo maana makasha makubwa huja na adapta yake. Adapta hiyo ibandike jina siku hiyohiyo. Chaja nyingi za laptopu ni za volti 19, na vichwa vingine vya chaja vinaingia kwenye tundu la kasha bila ubishi wowote. Bodi ya kasha haina la kusema zaidi ya harufu.

Kukatika kwa umeme nako kuna madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta mpakato ina betri, kasha halina. Umeme ukikatika wakati unakopi, laptopu inaendelea kuwaka huku diski nne zimezimika katikati ya kuandika. Kwa hiyo UPS, yaani kifaa cha betri ya akiba, inayowekwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani iwekwe na kwa ajili ya kasha. Stabilaiza pekee haisaidii hapo. Inarekebisha volti, haitunzi umeme.

Twende kwenye RAID, neno ambalo wauzaji hulitaja kama vile ni bima. Wazo lilitolewa mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Badala ya kununua diski moja kubwa na ghali, unganisha nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja. Kwa kuwa diski nyingi zina nafasi nyingi zaidi za kuharibika, wakaweka mbinu za kufidia ile itakayokufa.

Chukua diski nne za terabaiti 4. RAID 0 inakupa zote 16, kwa kasi kubwa, ila ikifa moja umepoteza kila kitu. Kwa data ya biashara isahau. RAID 10 inaandika kila kitu mara mbili na kukuachia terabaiti 8. RAID 5 inatumia nafasi ya diski moja kuweka hesabu ya fidia iitwayo pariti, iliyotawanywa kwenye diski zote, hivyo unabaki na 12, na diski moja ikifa kazi inaendelea. RAID 6 inavumilia vifo viwili, nayo inakuachia 8. Ukiwa na diski mbili tu, RAID 1 inaifanya moja kuwa kivuli cha nyingine.

RAID 5 ndiyo inayopendwa kwa sababu ya hizo 12, nami ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa ofisi ndogo. Diski moja ikifa, unaweka mpya na kasha linaanza kuijenga upya kwa kuzisoma zile tatu zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Kujaza terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba, iwapo hakuna anayeligusa kasha. Mhariri akiendelea na kazi, inaweza kufika siku nzima au zaidi. Muda wote huo huna ulinzi, na zile tatu mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa, zina umri uleule na zimefanya kazi ileile. Ongeza hapo umeme unaokatika katikati ya uandishi: data imeandikwa, pariti yake bado, na hitilafu hiyo haionekani mpaka siku diski itakapokufa na pariti ile kutakiwa. Seva kubwa zina betri au mbinu maalumu za kuziba pengo hilo. Makasha ya bei ya kati mengi hayana.

Kuna jambo jingine ambalo si rahisi kulisikia dukani. RAID inayofanywa na kasha lenyewe ina mpangilio wake wa siri. Kasha likiungua, diski zikiwa nzima, huenda ukahitaji kasha la modeli ileile ili zisomeke, na modeli hiyo huenda imeshaacha kutengenezwa. RAID inayofanywa na kompyuta, kama Storage Spaces ya Windows au mdadm ya Linux, unaweza kuihamishia kwenye kasha lingine au mashine nyingine yenye mfumo huohuo. Ndiyo maana napendelea makasha yanayoweza kuwekwa kwenye hali ya JBOD, ambapo kila diski inaonekana peke yake, halafu uamuzi unabaki mikononi mwako.

Hata hivyo RAID yoyote, iwe bora kiasi gani, inalinda dhidi ya jambo moja: kufa kwa diski. Kijana wa ofisini akifuta folda kimakosa, RAID inaifuta pande zote kwa uaminifu mkubwa. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fedha kikiingia, kinafunga kila kilichochomekwa. Radi ikipiga msimu wa mvua, diski nne zilizo kwenye ekstensheni moja hazina tofauti na diski moja. Na mwizi habebi nusu ya kasha.

Kwa hiyo, kwa studio ya watu wawili au watatu, ushauri wangu ni huu. Nunua kasha la diski mbili, uziweke kila moja ijitegemee, moja ya kazi, nyingine ya nakala inayokopiwa na programu kila usiku. Ukifuta kitu mchana, usiku haujafika, bado unacho. Programu yenyewe iwekwe isifute upande wa nakala papo hapo, bali itunze vilivyofutwa kwa wiki kadhaa. Kisha diski ya tatu, nje ya kasha, ikae mbali: nyumbani Gungu, au kwa ndugu Kasulu, ikiletwa mara moja kwa wiki au kwa mwezi kusasishwa na kuondoka tena. Nakala tatu, kwenye vyombo zaidi ya kimoja, moja ikiwa nje ya jengo, ni kanuni ambayo watu wa picha duniani wameifuata muda mrefu, na haina mbadala wa mkato.

Kupandisha mtandaoni je? Kwa hesabu za biashara, mikataba na filamu zilizokamilika, ndiyo. Kwa picha ghafi, piga hesabu kwanza. Gigabaiti 540 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni siku 10 mfululizo, usiku na mchana. Bajaji ya kwenda Gungu inashinda.

Sasa ununuzi. Kwanza, jihadhari na SSD za nje zinazodai terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha wiki moja. Ndani yake huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu na programu iliyochezewa idanganye kompyuta. Mafaili yanaonekana yameingia, majina yapo, ukifungua hakuna kitu. Programu ya bure iitwayo H2testw inajaza diski yote na kuisoma tena, na uongo hujulikana hapo. Kwenye Linux na Mac, F3 inafanya kazi hiyo.

Pili, uliza kama diski ni SMR au CMR. SMR hupanga nyimbo za data kwa kulaliana ili zitoshe nyingi, kwa hiyo kubadilisha sehemu moja kunalazimu kuandika upya na za jirani; CMR haizilazi hivyo. Kwa kumbukumbu za kuweka na kuacha haina shida. Kwa RAID inayojengwa upya ni mateso. Mwaka 2020 Western Digital ilipata lawama nyingi baada ya wateja kugundua kuwa baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya matumizi ya RAID, zilikuwa SMR na haikutajwa. Tangu hapo taarifa hizo hupatikana kwenye kurasa za kiufundi za watengenezaji, kwa hiyo chukua namba ya modeli uikague mwenyewe kabla ya kulipa.

Tatu, umbali. Toka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Diski ikifa Jumatatu, mpya haitafika Jumanne. Ukiwa na RAID ya aina yoyote, nunua diski ya akiba siku unayonunua kasha, ikae kabatini ndani ya mfuko wake. Na kama kasha linakuja kwa basi, diski zisafiri nje ya kasha, kila moja kwenye sponji yake.

Kuformati, yaani kuchagua mpangilio wa mafaili kwenye diski, ni jambo fupi. FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, ambalo kwa video ni dakika chache. NTFS ni nzuri kama ofisi nzima inatumia Windows. exFAT inasomeka Windows na Mac, ila ni rahisi zaidi kuharibika umeme ukikatika. Diski inayozidi terabaiti 2 igawanywe kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Ukichagua MBR, ule wa zamani, sehemu inayobaki haitaonekana.

Kuna mahali ambapo kasha la USB si jibu. Watu watano wanaohitaji mafaili yaleyale kwa wakati mmoja wanahitaji NAS, yaani kasha lenye kompyuta yake ndogo linalokaa kwenye mtandao wa ofisi. SACCOS yenye programu ya mikopo isiweke hifadhidata yake kwenye diski ya USB ambayo mfagizi anaweza kuing'oa kwa ufagio. Hiyo ni kazi ya diski za ndani ya seva au makasha ya SAS yaliyotengenezwa kwa seva. USB ibaki kwa nakala.

Na anayebeba taarifa za watu, kama zahanati yenye picha za mionzi, akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Diski inayosafiri kwenda kwa ndugu Kasulu ifungwe kwa BitLocker au VeraCrypt, programu za kufumba data, na nenosiri liandikwe kwenye karatasi inayokaa mbali na diski. Kumbukumbu za kodi nazo zina muda wake, miaka 5, kwa hiyo folda ya hesabu isiingie kwenye usafi wa miezi mitatu.

Kasha likishafika, usilijaze siku hiyo. Weka mafaili ya majaribio, kisha, kama umechagua RAID, ng'oa diski moja makusudi kasha likiwa linawaka, mradi kitabu chake kinaruhusu hivyo. Angalia kama linapiga kengele au kuwasha taa nyekundu, kama mafaili bado yanafunguka, na linachukua saa ngapi kujijenga ukiirudisha. Fungua CrystalDiskInfo uone kama afya ya kila diski inasomeka kupitia kasha, maana chipu nyingine huificha. Kasha ambalo diski imeng'olewa na likakaa kimya lirudishe dukani wakati risiti bado ni mpya.